Kadi ya njano hailipi gari ulilokodi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme na wasomaji wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa kuhusu jambo ambalo sisi tunaoshughulika na bima za magari tunalirudia kila shule zinapofungwa, na bado linaumiza familia. Wapo wanaokodi gari Mwanjelwa na kuvuka Kasumulu kwenda kupumzika Nkhata Bay. Wapo wanaopita Tunduma kwenda Livingstone kuona Maporomoko ya Victoria. Wengine wanapanda ndege pale Songwe, wanaunganisha Dar es Salaam, na kesho yake wanachukua gari la kukodi Johannesburg. Wote wanauliza swali moja tu: "Bima ipo?" Wanajibiwa ipo, wanatia sahihi, wanaondoka.

Jibu hilo ni la kweli na halimsaidii mtu. Swali la kuuliza ni hili: gari hili likiharibika mikononi mwangu nje ya Tanzania, kiasi gani kinatoka mfukoni mwangu, na kwa makosa gani nitadaiwa gari zima?

Nianze na gari lililokodiwa hapa nyumbani. Bima ndogo, ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo, inawalipa watu wengine uliowadhuru na mali zao. Bima kubwa inaongeza matengenezo ya gari lenyewe, wizi na moto. Bima zote mbili zimeandikwa eneo zinapofanya kazi, na kwa kawaida eneo hilo ni Tanzania peke yake. Ukivuka daraja la Mto Songwe pale Kasumulu, bima kubwa ya mwenye gari inabaki nyuma yako.

Kinachovuka na wewe ni kadi ya njano ya COMESA, yaani Soko la Pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini ikabaki kwenye mpango wa kadi hii, ndiyo maana inakubalika Malawi, Zambia, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Zimbabwe na nchi nyingine za mpango. Msumbiji haimo. Anayetoka Songea kupitia Mkenda ajue kuwa upande wa pili lazima anunue bima ya huko huko.

Sasa kadi inalipa nini? Inalipa madai ya watu wengine kwa kiwango cha sheria ya nchi uliyomo: uliyemgonga, ukuta uliouangusha, gari la mwenzako. Inabeba pia matibabu ya dharura ya dereva na abiria wa gari lako. Basi. Ukigonga ng'ombe usiku karibu na Karonga, taa ya kushoto ikapasuka, bonneti ikajikunja na rejeta ikatoboka, hakuna hata shilingi moja ya kadi ya njano itakayogusa taa, bonneti wala rejeta. Gari likiibiwa Lusaka, kadi haina habari. Mwenye gari atarudi kwako, na mkataba ulioutia sahihi utakuwa upande wake.

Dawa yake ipo, ila inaombwa kabla ya safari. Mwenye gari aende kwa kampuni yake ya bima aombe bima kubwa ipanuliwe mipaka. Huandikwa nyongeza yenye majina ya nchi, tarehe ya kutoka na tarehe ya kurudi, na hulipiwa ziada. Usikubali maneno "nimeshaongea nao". Omba nakala ya nyongeza yenyewe, soma namba ya gari, soma nchi. Mtu anayekwenda Livingstone halafu akaamua kuvuka daraja kwenda kulala Victoria Falls upande wa Zimbabwe, wakati nyongeza imetaja Zambia tu, ameliacha gari bila bima kwa sababu ya usiku mmoja.

Kadi ya njano haisimami peke yake pia. Inakaa juu ya bima ya gari na hutolewa na kampuni ile ile. Bima ya gari ikiisha tarehe 20 Desemba na kadi ikaonyesha tarehe 5 Januari, kuanzia tarehe 20 usiku umeshika karatasi. Linganisha tarehe za hati zote mbili kabla hujalipa hela ya kukodi.

Lipo shimo kubwa kuliko yote hayo, na hapa kwetu ndilo limejaa watu. Magari mengi yanayokodishwa mitaani yamekatiwa bima ya matumizi binafsi, kwa sababu ni nafuu kuliko ya biashara. Hati yenyewe inasema gari halitatumika kukodisha. Siku ya ajali kampuni inauliza swali moja la upole, "mlilipana kiasi gani?", na jibu linafuta dai la gari. Kuhakiki stika ni rahisi: mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, kwenye mtandao unakuonyesha kama bima ni halali ukiingiza namba ya gari. Lakini uhalali wa stika hautoshi. Dai kuona hati ya bima na utafute sehemu ya matumizi. Iandikwe kukodisha, tena iseme mteja anaendesha mwenyewe, maana gari la kukodisha lenye dereva wa kampuni ni bima tofauti.

Karatasi nyingine za mpakani nazitaja kwa haraka kwa sababu wengi wanazijua: barua ya mwenye gari inayokuruhusu kutoka nje ya nchi na gari lake, nakala ya kadi ya gari iliyothibitishwa, kibali cha forodha cha kuingiza gari kwa muda, na kwa Zambia kodi ya hewa chafu na ushuru wa barabara. Barua itaje kila atakayeshika usukani. Mke wako akikupokea usukani kutoka Mpika hadi Serenje na jina lake halimo, kwa macho ya bima ameendesha mtu asiyeruhusiwa.

Nije kwa wanaokodi ugenini. Hapo kinachowachanganya watu ni neno bima lenyewe. Kwenye mkataba utakutana na herufi CDW, au LDW kwa Marekani. Hiyo si bima kubwa kama tunavyoijua. Ni msamaha, yaani ahadi ya mwenye gari kwamba hatakudai uharibifu wote, atakudai mpaka kiasi fulani, mradi umefuata masharti yake. Kiasi hicho kwenye karatasi kinaitwa "excess", na kwenye mikataba ya Marekani "deductible". Mimi nitakiita kiasi cha kubeba, kwa sababu unakibeba wewe.

Tuseme gari la Afrika Kusini lina thamani ya randi 300,000 na kiasi cha kubeba kimeandikwa randi 25,000. Ukikwaruza mlango na fundi akasema 9,000, unalipa 9,000 yote, wao hawachangii senti. Ukigongana na matengenezo yakafika 80,000, unalipa 25,000 na 55,000 zinabaki kwao. Na unakatwa hata kama kosa ni la mwenzako: kwanza pesa yako inachukuliwa, kisha unarudishiwa iwapo watafanikiwa kumdai aliyekugonga. Afrika Kusini magari mengi hayana bima yoyote, kwa hiyo usiihesabu pesa hiyo kuwa ya kurudi. Juu yake huja gharama za kushughulikia faili, kuvuta gari, na siku ambazo gari limelala gereji bila kukodishwa, kila siku kwa bei ya kukodi. Uliza kama hizi zimo ndani ya kiasi cha kubeba au zinakaa nje yake.

Watu hushangaa kusikia kwamba Afrika Kusini hakuna bima ndogo ya lazima kama yetu. Kuna Mfuko wa Ajali za Barabarani, unaoendeshwa kwa sheria ya mwaka 1996 na kulipiwa kupitia bei ya mafuta. Ukijaza tangi umechangia. Mfuko huo unalipa walioumia na wafiwa tu, haulipi gari la mtu wala geti lake. Ukimgonga mtu mwenye gari la bei mbaya, dai la gari hilo linakutafuta wewe. Kabla ya kutia sahihi, uliza kama mkataba una bima ya mali za watu wengine, na hadi randi ngapi.

Kwenye kaunta utauziwa nyongeza ya kushusha kiasi cha kubeba hadi kidogo sana au sifuri. Mara nyingi inafaa, hasa kwa safari fupi ya siku tano au sita. Ila sifuri hiyo ina vitu isivyovigusa, na ndivyo vinavyoharibika zaidi: tairi, rimu, kioo cha mbele, saitimira, paa, uvungu wa gari, viti, funguo. Baadhi ya kampuni zinauza nyongeza nyingine ya tairi na vioo, na kwa barabara za changarawe mimi naona hiyo ndiyo ya kununua kwanza.

Nieleze kwa nini uvungu na rimu vinatajwa. Ukienda nchi ambako magari yanapita kulia, kama Ufaransa, Uturuki au Falme za Kiarabu, usukani uko kushoto, na mwili wa gari wote uko upande wako wa kulia usiouzoea. Jicho lako limezoea kuacha nafasi upande wa kushoto. Matokeo yake unasogea kulia bila kujua, rimu za kulia zinasugua ukingo wa zege na saitimira ya kulia inapiga nguzo. Ukingo ule unachana ubavu wa tairi, na tairi lililochanika ubavuni halizibwi, linanunuliwa jipya. Uvungu nao: jiwe moja likitoboa sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, oili inamwagika, dereva anaendelea kilomita mbili akitafuta mahali pa kusimama, injini inakwama. Sampu ni pesa ndogo. Injini utadaiwa yote, kwa sababu taa nyekundu ya oili iliwaka na hukuzima gari.

Namibia ina lake. Aliyezoea barabara za vumbi za Makete anajiona fundi, lakini zile za Namibia zimenyooka na ni pana, zinakuvuta ukimbie. Changarawe iliyolegea inazunguka chini ya tairi kama gololi. Kwenye kona au ukikwepa mnyama, ukikata usukani au kukanyaga breki ghafla, mkia wa gari unatangulia na gari linabiringika. Kampuni za kukodi zinajua hilo, ndiyo maana mikataba mingi inaweka mwendo wa kilomita 80 kwa saa kwenye changarawe na inaitenga ajali ya gari moja, yaani kupinduka bila kugongana na mtu. Kwa ajali hiyo kiasi cha kubeba kinaweza kuwa mara mbili, au msamaha unafutwa na unadaiwa gari zima. Magari mengi yana kifaa kinachorekodi mwendo, hivyo hakuna ubishi wa kusema ulikuwa pole pole.

Gari la kukodi la Afrika Kusini likiingia Namibia au Botswana linahitaji barua ya kampuni ya kuvuka mpaka, nayo inalipiwa. Bila barua, msamaha umeishia getini.

Mambo mengine yanayofuta msamaha mara moja ni haya. Dereva asiyetajwa kwenye mkataba. Pombe, na hapa kuwa mwangalifu, kwani kikomo chetu ni miligramu 80 kwa mililita 100 za damu lakini Afrika Kusini ni 50. Glasi zinazokuacha halali Mbeya zinaweza kukufanya mhalifu Pretoria. Kuacha funguo kwenye gari ukaingia kulipa mafuta, likaibiwa. Kupita majini, kwa sababu injini ikivuta maji inakunja fito za pistoni na kwa kawaida mkataba hausamehe. Kuweka petroli kwenye gari la dizeli. Barabara isiyoruhusiwa.

Ulaya bima ya watu wengine imo kwenye gari la kukodi kwa sheria, hivyo shida yako ni kiasi cha kubeba tu. Marekani ni kinyume. Kiwango cha chini cha bima ya watu wengine kinapangwa na kila jimbo na kiko chini ukilinganisha na gharama za hospitali zao: California, kwa mfano, tangu tarehe 1 Januari 2025 ni dola 30,000 kwa mtu mmoja aliyeumia, 60,000 kwa ajali nzima na 15,000 kwa mali. Kwa Mtanzania asiye na bima ya gari kule, nyongeza inayoandikwa SLI, ambayo hupandisha kikomo hicho, si ya kuikataa.

Bima ya safari inayotakiwa kwenye viza za Schengen, ile ya matibabu ya angalau yuro 30,000, haihusiani kabisa na gari. Inalipa hospitali na kurudisha mgonjwa au mwili nyumbani. Mtu asiionyeshe kaunta akadhani amekingwa. Hali kadhalika "kinga kamili" inayouzwa na tovuti za kulinganisha bei: hiyo inakurudishia baadaye. Kampuni ya gari bado itafunga dhamana kwenye kadi yako, itakukata, halafu wewe ndiwe utaidai tovuti kwa risiti, mkataba, picha na ripoti ya polisi. Kabla ya kununua soma sharti la makazi, maana nyingi zinauzwa kwa wakazi wa Ulaya tu, na ukilipa ukiwa Iringa pesa inapokelewa lakini dai linakataliwa.

Kuhusu dhamana yenyewe, kampuni nyingi zinataka kadi halisi ya mkopo, yenye jina la dereva mkuu. Kadi ya kielektroniki ya kwenye simu hukataliwa mara nyingi, na kadi ya kawaida ya benki hukubaliwa kwa masharti. Pesa iliyofungwa haitoki kwenye akaunti lakini huwezi kuitumia, na baada ya kurudisha gari inaweza kuchukua wiki mbili au zaidi kufunguliwa. Anayefika uwanja wa ndege na kadi isiyotosha hulazimika kununua nyongeza ya bei ya juu kabisa pale pale, familia ikiwa imesimama na mabegi. Mwombe meneja wa benki yako mapema afungue kadi kwa matumizi ya nje na apandishe kikomo cha siku.

Unapopokea gari, usilipokee likiwa limelowa. Maji yanaficha mikwaruzo. Likitoka kuoshwa, omba lifutwe na lisogezwe kwenye mwanga. Piga video moja isiyokatika ukianzia namba ya mbele, zunguka taratibu, chuchumaa kila tairi. Pitisha vidole kwenye ukingo wa rimu. Mchubuko unaonekana kidogo lakini unakwaruza kidole. Angalia kioo cha mbele kutoka ndani, ukitazama mwanga, ndipo utaona tundu dogo la jiwe lililofichwa na vumbi. Ingiza simu chini ya bampa la mbele upige picha ya uvungu. Fungua buti uone tairi la akiba, jeki, spana na pembetatu. Malizia na picha ya dashibodi inayoonyesha kilomita na mafuta. Kisha hakikisha kila alama uliyoiona imewekwa kwenye mchoro wa gari, na mfanyakazi atie sahihi na saa. Wakati wa kurudisha fanya hivyo hivyo. Ukiacha gari usiku na kudumbukiza funguo kwenye kisanduku, mikataba mingi inakufanya uwajibike mpaka watakapofungua asubuhi na kulikagua.

Ajali ikitokea, usihamishe lawama kwenda kwako kwa maneno ya uungwana. "Samahani, ni mimi" inaandikwa kwenye ripoti. Piga picha kabla magari hayajasogezwa, chukua namba ya gari la mwenzako, leseni yake na bima yake, ita polisi hata kwa mkwaruzo, na uwajulishe wenye gari ndani ya muda wa mkataba, ambao kwa kawaida ni saa 24. Kama ni kadi ya njano, kila nchi ya mpango ina ofisi yake ya taifa inayopokea madai; waliodhurika wanaelekezwa huko na wewe unabaki na nakala ya ripoti. Usilipane mkononi barabarani, kwa sababu malipo hayo yanasomeka kuwa umekiri kosa.

Ombi langu kwa Kamishna wa Bima na kampuni zenye mawakala Tunduma na Kasumulu ni dogo. Kila kadi ya njano inayouzwa iambatane na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaosema kwa herufi kubwa kwamba kadi hailipi gari la mnunuzi, na chini yake nafasi ya kuandika kama bima kubwa imepanuliwa au la. Mnunuzi atie sahihi, wakala atie sahihi. Na wenye yadi za kukodisha Mbeya watafsiri mikataba yao, waandike kiasi cha kubeba kwa shilingi kwenye ukurasa wa kwanza, karibu na bei ya siku.

Wakala wa bima,
Mwanjelwa, Mbeya